Suti ya Fundi Kesho ya Kwendea Mahakamani

Wazee wetu, majirani, mafundi wenzake na ninyi nyote mliofika, familia imenituma mimi, mdogo wake wa kike, niwasomee maisha ya kaka yetu, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakupata wa kumsikiliza, naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1961, mtoto wa tatu kati ya sita wa dereva wa lori na mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya gereji ya mabasi, akasoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, kisha akajifunza ushonaji katika chuo cha ufundi kuanzia 1977 hadi 1979, ambako mwalimu wake aliandika kwenye cheti kwamba mkono ni mwepesi, ila saa haijui.

Januari 1980 alipanga chumba namba saba, barabara ya pili kutoka sokoni, chenye dirisha moja na cherehani mbili, na kwa kuwa kila mteja aliambiwa aje kesho, mji mzima ukamwita Fundi Kesho, jina ambalo hakulikataa, maana hata tarehe 9 Agosti 1986, alipomuoa wifi yangu, aliyekuwa akishona vifungo duka la jirani, bwana harusi alichelewa saa mbili akipinda suruali yake mwenyewe. Walijaliwa watoto watatu, mwaka 1988, 1991 na 1995.

Kaka alikuwa na daftari la vipimo, na humo aliandika majina ya utani, kwani wateja wake wengi walifanana majina, na ndiyo maana muuza nyama wetu, aliyeketi mstari wa mbele pale, kwa tumbo lake na amri zake aliandikwa Jenerali. Tarehe 22 Septemba 1999, mwaka wa pili wa vita, kaka akitoka kununua vitambaa, askari wa kizuizi cha barabarani walilifungua daftari, wakakuta Jenerali, 44, 48, Ijumaa, yaani kifua, tumbo na siku ya kuchukua koti, wakasema hizo ni siri za adui, wakampakia kwenye lori.

Alikaa kambini miaka tisa na miezi minne, bila shtaka, bila wakili, bila kumwona hakimu hata kwa mbali, ilhali mwizi wa kuku husomewa kosa lake. Oktoba mwaka ule muuza nyama alikwenda hadi getini akiwa na futikamba mkononi, akaomba apimwe tumbo mbele ya mkubwa yeyote, akajibiwa kwamba hapo hapapimwi mtu, kwamba wakati wa vita hakuna nafasi ya kesi, aje kesho. Vita viliisha 2003, na bado tuliambiwa kesho. Hatukuomba aachiwe, tuliomba asikilizwe, na kama ana hatia afungwe kwa kosa lenye jina.

Tarehe 3 Mei 2006 aliletewa karatasi atie sahihi kwamba amesamehewa na anashukuru, akakataa, akisema anayesamehewa ni aliyekosa, na yeye hajaambiwa alikosa nini. Wifi alikasirika, hakumwandikia miezi mitatu, nami nilimwambia kwamba kiburi si maungwana. Maneno hayo nayafuta leo mbele yenu, nayaonea aibu.

Aliugua kifua huko kambini, akarudishwa tarehe 5 Februari 2009 juu ya machela, na barua ya nusu ukurasa isemayo kwamba hahitajiki tena, akafariki tarehe 11 Novemba 2010, saa nne asubuhi, wodi ya pili ya hospitali ya wilaya, akiwa na miaka arobaini na tisa. Daftari halijarudishwa hadi leo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliolisha watoto wake, mafundi waliolinda chumba namba saba, na muuza nyama, aliyekwenda getini mara kumi na moja.

Barua yake ya kwanza kutoka kambini ilikuwa na vipimo vyake mwenyewe, kiuno 36, ili wifi amshonee suti ya kijivu, asije akasimama mbele ya hakimu na nguo za kambi. Wifi aliishona, akaipiga pasi kila tarehe mosi, na juzi ameipunguza kiuno hadi 29, ndiyo aliyovaa kaka sasa humo jenezani. Suti hiyo ilikuwa tayari tangu Desemba 1999, na safari hii aliyechelewa si fundi.

Pumzika kwa amani, kaka.