Nafasi ya Kiwiko

Ilikuwa saa moja na dakika arobaini asubuhi, tumesimama mstarini na vumbi la mchakamchaka miguuni, mkuu wa shule alipotuambia kwamba mwenzetu mmoja wa kidato cha pili hatunaye tena.

"Jina lake lisitajwe hapa. Hakuna ruhusa ya kwenda mazikoni. Ingieni madarasani."

Ndugu zangu wa chama hiki cha kufa na kuzikana, mmeniomba niseme kwa sababu ya mtoto wa mwenzetu, yule mwanafunzi aliyejiua tukamzika juzi, na kwa sababu kesho tunakwenda kuonana na walimu wake. Mimi si mtaalamu. Niliishia kidato cha nne, mengine nimejisomea. Lakini jambo hili nilikaa nalo dawati moja.

Yule aliyefariki miaka ile ya Ujamaa alikuwa jirani yangu wa dawati. Aliandika kwa mkono wa kushoto, naye alikaa kulia kwangu, basi viwiko vyetu viligongana kutwa nzima.

"Sogea, bwana! Dawati umerithi hili?"

"Jifunze kuandika kama watu."

Mama yake alikuwa akipika vitumbua Magomeni. Kila asubuhi mwenzangu alikuja na viwili, kimoja changu.

Darasani kila mtu alikwisha kujua kwamba amejiua. Habari ilienea Kariakoo kabla ya kengele kulia. Ila kwa kuwa shule ilinyamaza, kila mtu alisema lake. Wengine walisema laana. Wengine walinitazama mimi. Mwalimu wa darasa akaita majina, akaliruka la mwenzangu, nami nikasikia pengo.

"Usikae pale," wakaonyana, "utamfuata."

"Wee mwenye mkosi, usiniguse daftari!"

Nikabaki na dawati la watu wawili. Nawaambieni, sikuhamia katikati. Niliendelea kuandika nimejibana ukingoni, mkono nimeubana ubavuni, namwachia kiwiko chake nafasi.

Nyumbani kwa shangazi, huku Kariakoo, nilinyamaza pia. Ningeanzaje, na jina lenyewe nimekatazwa? Siku ya mwisho alinipa vitumbua vyote viwili, akasema hana njaa. Nilivila, nikashukuru. Hilo nililibeba peke yangu. Wiki zikapita, nikaanza kuona kwamba hata mimi nikiondoka, jina langu litarukwa vilevile, na somo litaendelea.

Mwalimu wetu wa Kiswahili, mama mmoja mpole wa sauti na mkali wa kalamu nyekundu, siku zile alikuwa likizo ya uzazi. Aliporudi aliita majina. Alipofika pale penye pengo, akalitaja jina la mwenzangu.

"Amefariki," akasema. "Alijiua. Mnajua, nami najua, basi tusifichane. Alikuwa na maumivu ambayo hatukuyaona. Hakuna yeyote kati yenu aliyemuua. Msimtukane, wala msimfanye shujaa."

Akatupa insha ya kuandika, kisha akaja kwangu.

"Sogea."

"Wapi, mwalimu?"

"Ndani. Mbona umekaa kama mgeni?"

Akaketi. Akaniuliza polepole, kwa sauti ya mtu anayeulizia chaki, "Na wewe unafikiria kufa?"

Nikasema ndiyo.

Hakushtuka, wala hakunihubiria. "Umefanya vema kuniambia. Leo hutakaa peke yako."

Nikamweleza habari ya vitumbua. Akasema, "Alikupa kwa sababu alikupenda. Kula si kosa."

Jioni alinipeleka mwenyewe kwa shangazi. Asubuhi yake wote wawili wakanifikisha hospitali, kule Upanga, kwa daktari aliyenisikiliza, si mara moja. Msidhani nilipona siku ile. Ilichukua muda mrefu.

Baadaye, kwa ruhusa aliyoipigania ofisini, mwalimu alitupeleka darasa zima kwa mama wa vitumbua. Mama yule alisimama mlangoni akatutazama.

"Nilidhani shule imekwisha kumsahau," akasema. Kisha akauliza, "Nani kati yenu alikuwa akimbania dawati?"

Nikanyoosha mkono. Akacheka, akalia, akanipisha mkekani.

Nawashukuru hao: mwalimu, shangazi, daktari, na mama yule aliyenipisha. Kesho tuwaombe walimu wawaambie watoto ukweli kwa maneno machache, bila kusimulia namna ilivyotokea. Jina la marehemu lisirukwe. Na yule aliyekuwa akikaa naye aulizwe, waziwazi, kisha asiachwe peke yake.

Lakini tusiwasute walimu tu. Baba wa marehemu yuko benchi la nyuma. Tangu tumeanza, sote tumejazana huku mbele, naye amejibana ukingoni.

Nimemaliza, ndugu yangu. Nakuja kukaa. Sogea.