Pini Niliyoimeza na Sumaku ya Hospitali

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Bwana, yeye aliyeniweka hai nikasimama mbele yenu asubuhi hii. Mimi ni Mama Upendo. Wengi mnanijua, sare za kwaya mlizovaa nimezishona mimi, pale kibarazani kwangu Mlandege.

Sisi mafundi cherehani tuna tabia ya kubana pini mdomoni, maana mikono yote imeshika kitambaa. Basi zamani, nikimpima bi harusi gauni, nilicheka, na pini moja ikateremka kooni. Nikala ndizi, nikasali, nikasahau.

Mwaka huu nikaanza kukosa pumzi. Nikipanda ngazi nahema, jioni miguu imevimba hata viatu haviingii. Nikaenda hospitali. Daktari akasema anautilia shaka moyo wangu, na kwamba kuna kipimo kipya: chembe za sumaku, ndogo hata jicho halizioni, zinakamata alama ya ugonjwa kwenye damu, kisha sumaku inazivuta pamoja na kifaa kinazihisi. Ndugu zangu, mimi nilisikia neno moja tu, sumaku. Kazi yake naijua! Nnayo dukani, niliitoa kwenye spika mbovu, nikiipitisha sakafuni pini zinaruka zenyewe. Nikaiona ile pini niliyoimeza inatoka tumboni ikichana njia. Nikamwambia daktari nakwenda msalani, nikarudi zangu nyumbani.

Sikumwambia mtu. Niliogopa kipimo, na niliogopa kufa bila kipimo. Nikawa nalala nimekaa, maana nikilala chali pumzi inakata. Mwanangu Upendo, naye bado yuko shule, akawa anaamka kusikiliza kama napumua. Nilimwomba Mungu aniponye kimyakimya, nisirudi kule.

Siku moja kopo la pini likanimwagikia. Jirani yangu Bi Zuwena, anayeuza vitambaa mlango wa pili, akaichukua sumaku yangu anisaidie kuokota. Nikapiga ukelele, nikarudi nyuma hadi ukutani.

"We Mama Upendo, una nini?"

Nikamweleza yote huku nalia. Nilidhani atacheka. Akafunga duka lake, mchana, wateja wapo.

"Haya twende tukaulize," akasema. "Ikiwa itakuvuta, mie nitakushika."

Kule maabara mtaalamu akatuonesha. Damu kidogo inatolewa mkononi, inatiwa kichupani. Chembe nazo zinatiwa humo humo kichupani, na sumaku inakaa ubavuni mwa kichupa. Mimi nimekaa zangu kwenye kiti, mbali nayo. Hata hivyo Bi Zuwena alinishika mkono kwa nguvu mpaka majibu yakatoka. Moyo ulikuwa umechoka kweli, daktari akasema, ila tumewahi, dawa bado zinausaidia.

Leo nalala kwa mto mmoja, na Upendo analala mpaka asubuhi. Atukuzwe Bwana! Kesho narudi kupimwa tena. Siwafichi, woga bado ninao, ila Bwana amenikomesha kukimbia. Ndugu zangu, kama yupo hapa aliyeambiwa akapime naye akajificha, mtumaini Mungu, kisha njoo uniambie baada ya ibada. Tutakwenda pamoja. Ikikuvuta, nitakushika.