Bi Swafia na Swali la Upande wa Pili

Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye kaunta ya skrubu na bolti, Bi Swafia Makokha anastaafu. Alianza kazi katika duka letu la vifaa hapa Kakamega enzi za misumari kufungwa kwenye gazeti. Hadi leo hutambua saizi ya nati kwa kuipapasa tu, miwani ikiwa kichwani.

Kosa lake hatulifichi, maana mwenyewe halifichi. Miaka tisa iliyopita, Mwalimu Wanjala wa Navakholo alinunua kayaki, yaani mtumbwi mwembamba wa plastiki, akataka kufungia kishikio cha fimbo ya kuvulia. Bi Swafia alimuuzia skrubu nne za mbao bila kumuuliza lolote. Kambare wa kwanza mkubwa aling'oa kishikio, maji yakaingia kwenye matundu, na mwalimu akafika ukingoni mwa bwawa akiogelea.

Bi Swafia alitaka kuacha kazi. Tulimsihi: kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Siku yake ya mapumziko akapanda boda boda hadi Navakholo, na kwa kuwa hajui kuogelea, akaketi ndani ya kayaki ile ikiwa uani, akapapasa kila pembe. Mkono ulipofika kwa ndani, aliweka bolti zisizoshika kutu, washa pana, zile pete bapa za chuma, na nati yenye pete ya plastiki isiyolegea. Pale usipofika, aliweka ribiti, pini ya chuma inayochanua kwa ndani. Kila tundu alilipaka silikoni ya kuzuia maji, akakaza kwa kiasi, kwani plastiki ikibanwa mno hupasuka.

Tangu hapo hakuna mteja aliyehudumiwa bila kuulizwa, "Mkono inafikanga upande ingine?" Hata Mama Jescah, aliyetaka msumari mmoja wa kutundikia kalenda, aliulizwa. Tulimcheka sana, kisha tukajikuta tunauliza sisi wenyewe.

Wiki jana Mwalimu Wanjala alipita dukani. Kayaki ni ileile na bolti ni zilezile. Alimletea kambare wawili waliokaushwa na jaketi la kuelea, akasema safari hii Bi Swafia ataketi ndani ya kayaki ikiwa majini. Bi Swafia alilia, nasi tukalia naye.

Jumatatu atakuwa upande wa pili wa kaunta, pamoja na wateja. Ahsante, Bi Swafia, kwa kutufundisha kuuliza kabla ya kuuza. Tunakuombea afya, pumziko na bwawa tulivu. Na ukituhitaji huko uliko, usiulize: mkono unafika.