Binti Aliyesoma Bila Kufunua Ukurasa

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo cha Ualimu, Mwalimu Mkuu wetu, ndugu wazazi, na ninyi walimu watarajiwa mnaotuaga leo: nawasalimu nyote. Mimi ni mtunza maktaba. Ualimu sikuusomea, nimesomea kuwatazama walimu, kozi isiyo na cheti wala likizo.

Muhula mzima mmekuja hapa kwenye maktaba ya shule yetu kila Jumatano, kila mmoja wenu na mtoto wake wa kusoma naye. Wiki ya kwanza mlibeba maandalio ya somo yenye kurasa nyingi kuliko vitabu vyenyewe. Mimi niliwatazama tu. Nilikuwa nafuta vumbi.

Yupo binti wa darasa la sita, wenzake humwita Redio. Alisoma hadithi nzima bila kukwama, na mwalimu wake mtarajiwa akampa alama zote. Nikasema, "Mwalimu, huyu anasoma vizuri sana, ila tangu aanze hajafunua ukurasa."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka. Redio alikuwa amekariri kitabu kizima kwa kuwasikiliza wenzake, na zilibaki wiki sita kabla ya mtihani wa kusoma. Akishindwa, angerudia darasa, na mama yake alishasema kwamba safari hii harudii mtu; atabaki nyumbani.

Ndugu zangu, ni wangapi kati yetu tungezifuta alama zile mbele ya msimamizi wetu? Dada huyu, mwalimu wa Redio, alizifuta. Akamwambia Redio, "Nimekosea mimi. Sasa simulia wewe, nami niandike."

"Nisimulie nini?"

"Chochote kisichokuwemo kitabuni."

Redio akasimulia bibi yake anavyokoroma. Mwalimu akaandika, akazikata sentensi kwa mkasi, akazichanganya mezani.

"Mwalimu! Mbona umemkatakata bibi yangu?"

"Mpange mwenyewe."

Wiki sita walimpanga bibi, wakampanga shangazi, wakampanga hata mbwa wa jirani. Siku ya mtihani, Mwalimu Mkuu alimpa Redio tangazo lililofika asubuhi ile ile. Alikwama mara tatu, akarudi nyuma, akaendelea hadi mwisho. Sijawahi kufurahia mtu kukwama kama siku ile, maana aliyekariri hakwami.

Alifaulu, na mama yake yuko hapa safu ya tatu, anajifanya ana mafua.

Jana Redio alikuja kuazima kitabu. Nikamuuliza, "Hiki unakijua?"

"Sikijui. Ndiyo maana nakitaka."

Walimu wetu, tunawashukuru. Nendeni salama, na vitabu vya maktaba vitangulie kurudi kabla ya basi kuondoka. Ahsanteni kwa kunivumilia.