Chuo Kile Kingine

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Bwana Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, ndugu wageni mliotoka mbali na mliovuka barabara tu, wahitimu wenzangu, na wewe Mummu, bibi yangu, uliyeketi mstari wa mbele na kofia ya sufu kichwani ingawa tuko Juni: habari za mchana.

Jina langu ni Tuuli Harjala. Nalitaja kwa sababu najua wapo humu, hata miongoni mwa niliosoma nao, ambao wameniona miaka yote na hawajapata kuisikia sauti yangu. Ndiyo hii. Mtanivumilia.

Sikujitolea kusimama hapa. Bi Darlene Pascoe, mshauri wetu wa masomo ya juu, anastaafu leo, siku ile ile tunayohitimu, na darasa lilipoulizwa nani atoe neno la kumuaga, rafiki yangu Bridget Rautio alitaja jina langu. Nikamwuliza, "Bridget, nimekukosea nini?" Akasema, "Hujanikosea. Ila wewe ndiye uliyemchosha kuliko sote." Ni kweli. Wengine waliingia ofisini kwake na swali, wakajibiwa, wakatoka. Mimi niliingia na swali moja mwezi wa Septemba, na nimejibiwa leo, nyuma ya pazia lile, mlipokuwa mnatafuta viti.

Swali lenyewe lilikuwa hivi. Nilivipenda vyuo viwili. Cha kwanza, Averill, kiko kwenye milima ya Vermont. Cha pili, Stroud, kiko Minnesota, kimezungukwa na mashamba ya mahindi. Kote kuwili nilikwenda kutembelea, na kote kuwili niliuliza jambo ambalo sisi wa Agate Point tumelizoea hata hatulisikii tena: kwa nini barafu ya ziwa letu hulia? Mnaijua sauti ile. Januari asubuhi, hakuna upepo, hakuna mtu, na ziwa linatoa mlio kama waya mrefu uliopigwa na nyundo. Inakuwaje maji yaliyoganda yawe na sauti ambayo maji yanayotembea hayana?

Kule Averill, profesa mmoja mwenye nywele nyeupe alinipeleka kwenye chumba cha baridi, akanivalisha koti lake, akanieleza. Alieleza vizuri, kwa upole, mpaka nikaelewa nusu nzima. Kule Stroud, niliwauliza wanafunzi niliokaa nao mezani wakati wa chakula cha mchana. Hakuna aliyejua. Lakini waliacha supu zao zikapoa, wakaanza kubishana, mmoja akachora juu ya meza kwa haradali, mwingine akamwambia, "Wewe umekosea tangu mstari wa kwanza," na mpishi akaja kutufukuza tungali tunabishana. Nasema "tungali" kwa sababu nami nilibishana. Mimi! Mama haamini mpaka leo.

Sasa, wadogo zetu mlioko nyuma, siku yenu yaja, sikilizeni. Ukitaka, unaweza kuomba nafasi mapema, kabla wengine hawajaomba. Ila utaomba hivyo chuo kimoja tu, na wewe, mzazi wako na mshauri wako mtatia sahihi kwamba kikikukubali utakwenda, na maombi mengine yote utayafuta. Husemwa kwamba ukikubali kufungwa hivyo, mlango wa kukubaliwa hupanuka kidogo. Lakini je, mtu mwenye mapenzi mawili ajifunge kwa moja kabla hajajua la pili lingemwambia nini? Na asipojifunga, kisha akayakosa yote mawili, atamlaumu nani?

Kila mtu alikuwa na jibu. Baba yangu, ambaye mnamjua kwa gari lake la kuondoa theluji, alisema, "Mimi napenda jambo liishe kabla theluji haijaanza. Chagua, tia sahihi, tule." Bridget alisema, "Omba popote, mradi uombe mapema! Wewe ukisubiri foleni utampisha kila mtu mpaka wafunge dirisha." Bi Pascoe peke yake hakusema.

Nilimwuliza, "Bi Pascoe, wewe una maoni yako?"

"Ninayo."

"Ni chuo kipi?"

"Nitakwambia siku ya mahafali."

"Kwa nini si leo?"

"Kula mkate, Tuuli." Akanisogezea sahani ya ile mikate yake midogo ya zafarani, ambayo sote hapa tumewahi kuzibwa nayo mdomo.

Ndugu wageni waalikwa, mnajua inavyokuwa kwa mtu mdadisi kuambiwa kwamba jibu lipo, liko ndani ya mtu unayemwona kila siku, na hulipati? Nilimchunguza. Nilikisifu chuo cha Averill mbele yake nikamtazama uso. Nikakisifu cha Stroud nikamtazama tena. Uso wa Bi Pascoe, mabibi na mabwana, ni kama ziwa mwezi wa Februari.

Jumamosi ya mwisho kabla ya siku ya kuomba mapema kupita, niliingia sauna, chumba chetu cha mvuke, na Mummu, kama kila Jumamosi. Kwetu, juu ya benchi la sauna hakugombwi wala hakudanganywi, kwa hiyo ndiko ninakozungumza zaidi. Mummu akamwagia maji mawe ya moto, mvuke ukapanda, akasema, "Haya, mjukuu wangu. Tuseme Averill wamekuchukua. Utabaki unajiuliza nini?"

Nikasema, "Nitajiuliza wale wa Stroud wamefikia wapi na ule ubishi."

"Na Stroud wakikuchukua?"

Nikafikiri. "Nitajiuliza ile nusu ya maelezo ya profesa ambayo sikuielewa."

"Sasa hiyo si utamwandikia tu umwulize? Mzee wa watu alikuvalisha koti lake, atakunyima jibu?"

Kweli. Profesa angeweza kunijibu nikiwa popote duniani. Lakini ubishi ule wa mezani haukuweza kunifuata popote. Ilibidi niufuate mimi. Nikamwambia Mummu, "Ni Stroud." Akasema, "Sijui hata kilipo. Sukuma mlango, tunaungua."

Jumatatu nilitia sahihi, Baba akatia, Bi Pascoe akatia. Nilimvizia mkono. Haukusita.

Desemba Stroud wakajibu. Hawakusema ndiyo, hawakusema hapana. Walisema ningoje mpaka Machi pamoja na waombaji wengine. Bridget aliniangalia akasema, "Basi kweli mmefanana. Hata chuo chenyewe kina haya!" Nilicheka, halafu nikaenda kulia chooni. Kwa maana sasa nilikuwa nimefunguliwa kile kifungo cha sahihi, na ilibidi niombe Averill pia, na majira yote ya baridi nikae na swali nililodhani nimelimaliza. Bi Pascoe ndiye aliyekaa nami baada ya masomo kuandika upya maombi yale ya Averill, sentensi kwa sentensi, kwa bidii ile ile aliyoitumia kwa Stroud. Sikuona bidii yake ikizidi huku wala kupungua kule.

Machi, vyote viwili vikasema ndiyo.

Hakuna sahihi iliyonifunga tena. Nilikuwa huru kabisa kuchagua, na nilichagua Stroud mara ya pili, nikagundua kwamba mara ya kwanza sikuchagua kwa ajili ya upana wa mlango. Bila kule kungojeshwa, ningejuaje?

Leo nyuma ya pazia Bi Pascoe alikuwa ananiweka sawa kofia hii isiyotaka kukaa. Nikasema, "Leo ni mahafali."

Akasema, "Najua."

"Ni kipi?"

Akatoa pini mdomoni, akaibana kofia, akasema, "Averill."

"Averill!"

"Tangu Septemba. Mtoto mkimya, milima mikimya, yule profesa na koti lake. Nilikuwa nimeshakuona uko kule."

"Na hukuniambia! Ukatia sahihi ya Stroud!"

Akasema, "Tuuli, siendi mimi. Unakwenda wewe."

Mheshimiwa Mwenyekiti, katika mji huu ambamo kila mtu anajua jirani yake angepaswa kufanya nini, tumekuwa na mtu mmoja aliyejua na akanyamaza, na huku amenyamaza akatusaidia kwa nguvu zake zote kwenda asikotutaka. Leo anaondoka. Je, atakayefuata kukalia kiti kile ataweza kuumeza ulimi wake hivyo?

Bi Pascoe, huenda ulikuwa sahihi kuhusu Averill. Sitajua kamwe, na nitajiuliza, na nimependa kujiuliza huko. Nikilipata jibu la barafu nitakuandikia. Nawe uniandikie, uniambie mtu asiye na wanafunzi huwa anamnyamazia nani.

Wageni wetu, wazazi wetu, nawashukuru kwa kumsikiliza mtu ambaye hamkuwahi kumsikia. Sasa mikate ya zafarani iko mlangoni. Asanteni.