Kifundo Kimevimba, Mechi Ipo

Ndani ya bajaji ya kutoka Lupiro, kijana aliyevaa jezi alikuwa akifunga bendeji kwenye kifundo cha mguu kilichovimba kama andazi. “Nacheza hivyohivyo, mama. Sijawahi kukosa mechi.”

“Mimi nacheza mpira wa pete tangu nikiwa msichana,” akasema mama aliyekaa naye, mundu mapajani. “Msimu wa kuvuna mpunga sigusi mpira. Nikirudi, goli nalikuta palepale.”

“Watasema nimeogopa.”

“Si tayari unaogopa? Unaogopa watakavyosema.”

Mimi niliyebanana nao kwenye kiti, ambaye hukimbia nikiona mvua tu, nilimpenda mama huyo papo hapo.

Bajaji ikasimama uwanjani, mtaa wa Viwanja Sitini. Kijana akashusha mguu mzima. Ule uliovimba ukabaki ndani.