Milango Itazame Uwanjani

Sogeeni, wanangu, zimeni hiyo redio, na wewe mkwe wangu acha vyombo, vitaoshwa nikishanyamaza, na kunyamaza kwenyewe hakuko mbali. Kifungua mimba, kaa hapo miguuni niuone uso wako. Kitinda mimba, nishikilie huu mto mgongoni, maana nikilala chali maneno yananirudi kooni. Na wewe binti yangu uliye huko barazani, sogea dirishani unisikie, kwa kuwa najua humu ndani hutaingia mpaka aliyekufukuza akuite kwa mdomo wake, na aliyekufukuza naye anasema mlango wake hajawahi kuufunga. Haya. Nitapaza sauti niwafikie wote, ila msinichoshe kwa maswali.

Nataka kusema juu ya ile shule. Mimi na baba yenu tulilima pale kabla ninyi hamjazaliwa, mahindi yake yakinipita kichwa, halafu wazee wa kijiji wakaja wakasema watoto wanatembea mbali mno, wakaomba mahali pa kujenga madarasa. Baba yenu akawapa kwa sharti moja tu, kwamba siku shule ikihama, ardhi irudi kwetu. Mimi nilinuna, msinione hivi, nilinuna hata chumvi nikaacha kutia, kwa sababu lile ndilo shamba lililokuwa likitulisha. Kisha siku moja nikasikia watoto wakiimba hesabu zao kwa pamoja, kinyongo kikanitoka chenyewe. Sasa shule imehamia kule kwenye barabara ya lami, madarasa wamebaki nayo popo, na kamati ya kijiji imerudisha ardhi mbele ya mashahidi bila mizengwe. Wako wanaopita wakinung'unika, ati mtu hatandiki kitanda chake mahali alipochapwa viboko, ati paachwe pawe kumbukumbu. Waambieni nimesema mimi: mchwa hawali kumbukumbu, wanakula mbao, na siku paa likiinama hakuna hata mmoja wao atakayekuja kulishika. Jengo lisilopikiwa hufa. Hamieni, pikeni, leeni watoto mle.

Mkandarasi alinifungulia mchoro wake wa kugeuza madarasa kuwa nyumba zenu hapa hapa kitandani, kijana mwenye adabu, "bibi" haimwishi mdomoni, na mengi aliyosema ni sawa. Madirisha ya upande wa barabara yashushwe. Yaliwekwa juu ili watoto wasitazame wapita njia, lakini mtu mzima ana haki ya kuchungulia nani kapita na nani. Kuta za kati zipandishwe mpaka kwenye bati na dari iwekwe, maana mnakumbuka darasa la kwanza lilivyokuwa likiimba la pili likaitikia, na mambo ya mke na mume hayataki kwaya. Nyumba ya mwalimu kule mwisho msiiguse. Mwalimu wa hesabu bado anakaa mle, mgane asiye na mtoto, na ni yeye aliyewafundisha nyote watatu, ingawa mmoja wenu alijua kujumlisha akakataa kugawanya. Akae mle mpaka siku yake, na atakayemtoa hakutoka tumboni mwangu.

Lakini mawili nimeyakataa. La kwanza ni milango. Mchoro umeigeuza yote itazame barabarani, kila nyumba na ukuta wake, kila ukuta na geti lake, na nilipomuuliza yule kijana wazo hilo kalitoa wapi, alinitazama mimi, kisha akakutazama wewe, kifungua mimba. Najua kazi yako ni kuchomea mageti, ukifumba macho unaona geti. Mwanangu, milango ibaki ilipo, itazame uwanjani, ili kila mmoja akitoka asubuhi na kata yake ya maji amwone mwenzake anavyonawa. Mtu uliyenuniana naye unaweza kumkwepa njiani mwaka mzima, ila anayeanika nguo mbele ya macho yako huwezi kumkwepa. Mwisho mtagombania kamba, na mkishagombania kamba, mmeshasemezana. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Majirani wanalima tu, hawajiingizi, wana muda wa kungoja mavuno yenu. Mimi sina.

Nipeni maji. Kidogo tu. Asante, mkwe wangu.

La pili. Mchoro umempa kifungua mimba madarasa mawili, umempa kitinda mimba mawili, na mawili ya kati yapangishwe kwa watu baki. Halafu ndani ya nyumba ya kifungua mimba nikaona kijichumba nyuma ya jiko, kimeandikwa "chumba cha wageni". Nikauliza, mgeni gani? Mkandarasi akasema, ni cha dada yao, bibi, akija. Akija! Mtoto niliyemzaa mwenyewe anakuja kwao kama anayekuja kuuliza njia! Nilikasirika mpaka homa ikashuka.

Usiinamishe kichwa, baba, nitazame. Dada yako aliporudi kutoka kwa mume aliyekuwa akimpiga, cherehani kichwani, mtoto mgongoni, mimi nilikuwa safarini namuuguza mama yenu mdogo, na wewe ukasimama pale mlangoni ukamwambia mwanamke kwao ni kwa mumewe. Niliporudi nikamkuta amepanga chumba nyuma ya soko. Nakujua, wewe si mbaya. Ulikuwa ndiyo kwanza umeoa, kazi hakuna, ukaogopa midomo ya kulisha, na woga ukauvalisha ukali kama alivyokuwa akifanya baba yako. Ungemwambia "dada, naogopa," mngelia wote wawili mambo yakaisha. Na wewe wa dirishani usichekelee, kiburi chako nacho si haba: watoto wa kaka yako unawashonea sare kwa kukisia, mikono mirefu, magoti nje, kwa kuwa hutaki kuingia humu ukawapime. Nawe kitinda mimba, dereva wangu, hujamkosea mtu, ila acha kubeba maneno ya huyu kwa yule kama mizigo ya lori.

Basi sikieni, na mwenyekiti wa kijiji ameshayasikia. Madarasa sita, watoto watatu, mawili mawili. Ya kati ni ya binti yangu, kwa jina lake mwenyewe, si la kaka wala la mume atakayekuja kesho, na ofisi ya mwalimu mkuu aweke cherehani yake. Mimi nilazeni kando ya baba yenu, msikope kwa ajili ya maiti. Hayo mwenyekiti atayasimamia. Undugu hawezi kuusimamia, hata awe na mhuri mkubwa namna gani.

Imebaki baraka, na baraka ninayo moja, ya vichwa vitatu. Siitoi kwa wawili. Wala haipelekwi kwa salamu... lazima mkono umguse mtu. Mnasikia anavyouliza huko nje? "Umesema nini, Mama?" Sauti yangu haifiki tena dirishani. Imekwisha, wanangu... na mimi nikimwita haitafaa. Anayemngoja si mimi.

Kifungua mimba. Inuka. Usiniulize useme nini... Mwite tu.

Kwa sauti, baba... hapo umekohoa, hujaita.

Eeh. Hivyo.

Mpisheni... mpisheni apite. Njoo, mwanangu, njoo... Usimtazame hivyo, naye analia. Pigeni magoti. Mungu awape usingizi mwema mle ndani... watoto wenu waujaze ule uwanja... na asiwepo kati yenu... wa kuitwa mgeni kwa mwenzake.

Sogeaneni. Mkono wangu ni mmoja... bado... haujawafikia wote.

Sogeaneni.